SALA, KUTIANA MOYO NA KUKAA PAMOJA
Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi



   

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai mpaka tukaiona siku hii. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hawapo. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke, kila mtu kwa namna ya dini yake.

Ahsanteni, tukae.

Ndugu mgeni rasmi, habari za hisa, mikopo na marejesho umekwisha kuzisikia katika risala aliyoisoma Katibu, na Mweka Hazina ameonyesha vitabu. Hatutarudia. Sisi tumepewa nafasi ya kusema jambo ambalo halimo katika vitabu vile, lakini bila hilo vitabu vile visingekuwepo. Jambo hilo ni sala, kutiana moyo, na kukaa pamoja watu wa makabila mengi na dini mbili. Tumelichagua makusudi, kwa sababu kuna maneno yanazunguka kijijini na hata ndani ya kikundi, kwamba sasa tumekuwa wakubwa, ni vema tugawane: akina mama wa Kiislamu wawe na sanduku lao, na akina mama wa Kikristo wawe na lao. Hoja hiyo itakuja kwenye mkutano mkuu na kila mwanachama atapiga kura yake. Kabla ya kura, ni haki kila mmoja akumbuke tumetoka wapi.

SISI NI NANI

Ukitazama mkeka huu tuliokalia, utaona Wandengereko na Wamatumbi, ambao ndio wenyeji, na wenzetu Wanyagatwa wa visiwani. Utaona Wangindo na Wamakonde. Utaona Wasukuma, ambao wengi wao walishuka huku na ng'ombe zao baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu miaka ya 2006 na 2007. Utaona mama wa Kichaga mwenye duka, na wake wa walimu na wauguzi waliotoka Mbeya, Kagera na kwingineko.

Kwa dini, wengi wetu ni Waislamu, kama ilivyo Rufiji yote tangu enzi za mababu. Wapo Wakatoliki, wapo Walutheri, wapo Wapentekoste, na wapo wenzetu Wabaptisti. Hawa Wabaptisti ni wachache na wengi hapa kijijini walikuwa hawawajui, kwa hiyo tuseme kidogo. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani waliingia Tanganyika mwaka 1956, na kazi yao ilishika mizizi sana huko Mbeya na Tukuyu. Hivyo dada zetu hawa wamekuja nayo kutoka kwao, kama sisi wa hapa tungekwenda Tukuyu na maulidi yetu. Wao hubatiza mtu mzima kwa kumzamisha kwenye maji mengi. Mama mmoja wa visiwani aliposikia hivyo aliuliza, "Na mamba je?" Kwa mtu aliyekulia kando ya mto Rufiji, swali hilo si la mzaha. Tulicheka sana siku ile, na waliocheka zaidi ni Wabaptisti wenyewe.

Lakini wapo waliotuletea kitu cha maana pia. Katika kanisa lao mambo huamuliwa kwenye mkutano wa washirika, na mama asiye na cheo ana kura sawa na mzee wa kanisa. Kwa hiyo tulipoanza, wao ndio waliokuwa hodari wa kusema, "Tupige kura, tuandike tulichoamua." Waislamu nao walikuwa hodari wa kuchangishana, kwa maana maulidi, hitma na upatu tumezaliwa tukaviona. Mmoja alileta utaratibu wa kikao, mwingine akaleta moyo wa kuchanga. Kikundi kikapatikana.

JINSI TUNAVYOSALI

Kikao cha kwanza kabisa, kabla hata ya kufungua sanduku, palitokea swali: nani anafungua kwa sala, na sala gani? Wengine walisema tuanze tu bila sala, tusije tukagombana. Mama mmoja mtu mzima akajibu, "Fedha isiyoombewa inaota miguu." Basi tukakaa, tukakubaliana masharti manne, na yapo mpaka leo katika katiba yetu.

Sharti la kwanza, Mwislamu akifungua, Mkristo anafunga. Kikao kinachofuata tunageuza. Sharti la pili, kila anayeomba anaomba kwa njia yake mwenyewe bila kujificha, na wengine wote wanatulia kwa heshima. Hatukutaka sala ya kuchanganya ambayo si ya huyu wala si ya yule. Sharti la tatu, katika sala hakuna kuhubiri wala kumpiga mtu kijembe. Ukiwa na neno na mwenzio, sema kwenye mengineyo. Sharti la nne, sala isizidi dakika tatu. Hili la nne liliwekwa kwa ajili ya wenzetu wa visiwani, kwa sababu maji hayamsubiri mtu.

Wageni wetu wa mjini huenda hawajui habari hii ya maji. Mama anayetoka visiwani huja kwa mtumbwi au mashua kupitia mito ya mikoko. Maji yakipwa, chombo kinakaa kwenye tope. Na kila siku maji yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. Kwa hiyo kikao kile cha mwezi ambacho wote tunakutana, tunakipanga kwa kuangalia mwezi na maji: waje asubuhi na maji yanayojaa, warudi mchana na maji yanayotoka. Vilevile mwezi wa Ramadhani tunakaa asubuhi na mapema ili aliyefunga awahi kupumzika na kuandaa futari. Ijumaa ya kwanza ya Machi, akina mama wa makanisa mbalimbali duniani wana siku yao ya maombi ya pamoja, na Jumatatu ya kwanza ya Novemba wanawake Wabaptisti nao wana siku yao. Siku hizo hatuweki kikao. Hakuna aliyewahi kulazimishwa kuchagua kati ya kikundi na ibada yake.

Sasa tuseme jambo ambalo kwetu ndiyo roho ya sala yetu. Kabla ya kuomba, Katibu huuliza, "Nani hayupo, na kwa nini?" Majina yanatajwa. Huyu mgonjwa, huyu kafiwa, huyu mwanawe kafukuzwa shule kwa ajili ya sare, huyu hatujui kimemsibu nini. Kisha Katibu huuliza tena, "Nani anakwenda?" Mpaka apatikane wa kwenda ndipo tunaomba. Hatumwombei mtu ambaye hatujapanga nani atamtembelea. Utaratibu huu umetufundisha mengi. Mtu akijua kwamba akiitikia "Amina" huenda ndiye atakayetumwa Jumamosi kuvuka mto, anaitikia kwa kufikiri.

Na tuwe wakweli, sala haichukui nafasi ya rejesho. Aliyekopa atarejesha. Hatukubali mtu kusimama akasema "Mungu atajalia" ilhali fedha imeishia kwenye sare ya harusi. Lakini pia hatukubali mdaiwa kuombewa hadharani kwa jina ili apate aibu. Hiyo tunaiita kumdai mtu kwa mgongo wa Mungu, na kwetu ina faini.

KUTIANA MOYO NI KAZI

Wengi hudhani kutiana moyo ni kusema "pole" na "jikaze". Neno hilo ni zuri, lakini halipiki chakula. Sisi tumejifunza kwamba moyo wa mtu unainuliwa na mambo madogo yanayofanywa kwa wakati wake.

Tutoe mfano wa msiba. Siku ya maziko watu ni wengi, na siku za matanga watu bado wapo. Arobaini ikipita, kila mtu anarudi kwake. Mjane anabaki na nyumba yake na deni lake. Kwa hiyo zamu yetu kubwa tumeiweka baada ya arobaini. Hapo ndipo wawili wanakwenda, wanalala usiku mmoja, wanasaidia kulima au kubangua korosho, wanasikiliza.

Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki. Huko nyuma kwenye vikundi vya watu wengine tuliona mwanamke wa namna hiyo akihesabiwa mtoro na kutozwa faini. Kwetu wanachama wawili wanamfuata nyumbani, wanachukua hisa yake, wanamgongea muhuri kwenye kitabu chake mbele yake. Mara nyingi anayekwenda ni Mkristo, kwa sababu tunapanga hivyo. Mwenzetu mmoja Mbaptisti alikuwa hajui eda ni nini. Baada ya kwenda mara kadhaa alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini mtu aliyefiwa anahitaji muda ambao dunia haimdai chochote.

Vivyo hivyo, binti wa mwenzetu wa Kisukuma alipojifungua kwa shida na kulazwa muda mrefu, chakula cha hospitali kilipikwa kwa zamu na akina mama wa Kindengereko ambao awali walikuwa wananung'unika kwamba ng'ombe wa wafugaji wamekula mpunga wao. Ugomvi wa ng'ombe na mashamba haukwisha kwa ajili ya sufuria ya uji, na kesi za namna hiyo bado zipo. Lakini tangu hapo, ng'ombe wakiingia shambani, mama anajua nyumba ya kwenda kusema kabla ya kwenda kwa mtendaji. Hayo nayo ni mapato ya kikundi.

MWAKA WA 2017

Ndugu mgeni rasmi, kuna mwaka ambao watu wa Kibiti hatupendi kuutaja, lakini katika sherehe ya miaka kumi hatuwezi kuuruka. Mwaka 2016 na 2017 watu wasiojulikana walikuwa wanaua watu katika wilaya hizi tatu za Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Waliuawa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, na watu wa kawaida. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa pale Mkengeni. Mpaka mauaji yale yanatulia, watu zaidi ya 30 walikuwa wamepoteza maisha. Pikipiki zilikatazwa kutembea usiku. Jua likizama kila mtu alikuwa ndani, taa imezimwa.

Kikundi chetu kilikuwa kichanga wakati huo. Hofu iliingia katikati yetu. Wapo Wakristo waliofunga mizigo wakarudi makwao. Wapo Waislamu waliokuwa wanaogopa kwamba kila mtu mwenye kanzu atatazamwa kwa jicho baya. Wapo waliofiwa na waume zao. Na wapo ambao waume au wana wao waliondoka nyumbani katika kipindi kile na hawajaonekana mpaka leo, wala kaburi lao halijulikani. Hawa wote, aliyefiwa na ambaye hajui kama amefiwa, walikuwa wanachama wa sanduku moja na walikaa mkeka mmoja.

Tulifanya nini? Tulisogeza kikao mpaka saa nne asubuhi ili kila mtu afike kwake mapema. Kulikuwa na vikao ambavyo hatukufungua sanduku kabisa, tulikuja tu kuhesabiana, kuona nani yupo. Sala zilikuwa fupi kuliko dakika tatu, maana sauti zilikuwa hazitoki. Tulikubaliana jambo moja gumu: ndani ya kikao hakuna kuuliza mume wa fulani alikuwa upande gani. Kuchunguza ni kazi ya serikali, na hukumu ni ya Mungu. Sisi kazi yetu ilikuwa watoto wale. Mfuko wa jamii ukatoka kwa kila nyumba iliyopungukiwa na mtu, kwa kiasi kile kile, bila maswali.

Watu wa nje walitushangaa. Lakini sasa, miaka kadhaa baadaye, vijana wale wapo sekondari, wengine wanavua kamba, mmoja ni fundi pikipiki. Wameitana ndugu tangu utoto kwa sababu mama zao walikuwa wanakuja kikaoni pamoja. Tungegawana wakati ule, kila dini na sanduku lake, leo tungekuwa tunapishana njiani bila salamu.

SWALI LA RIBA

Sasa tuje kwenye sababu yenyewe ya hoja ya kugawana, kwa maana hatutaki ionekane tunaikwepa. Wanachama wetu wa Kiislamu waliuliza kwa haki kabisa: mkopo wa kikundi unarudi na nyongeza, je, nyongeza hiyo si riba? Na riba ni haramu. Mtu asilazimishwe kuingia dhambini kwa imani yake ili apate mtaji.

Hatukujibu sisi wenyewe, kwa kuwa elimu yetu ni ya shule ya msingi na mambo ya sheria ya dini yana wenyewe. Tuliwaita mashehe, wakatueleza kwamba kukopesha fedha irudi na ziada ni kitu kimoja, na kununua bidhaa ukaiuza kwa faida inayojulikana ni kitu kingine, na hiki cha pili ni biashara halali. Tukawauliza wachungaji nao, wakasema hawaoni kizuizi.

Basi tukaweka njia mbili kwenye sanduku moja. Mama anayetaka nyavu, cherehani, magunia ya mchele au mabati, kikundi kinakwenda kununua mali hiyo, inakuwa mali ya kikundi kwanza. Kisha kinamwuzia kwa bei iliyoandikwa, naye analipa kidogo kidogo. Akichelewa, bei haipandi. Na mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na msiba, hauna nyongeza kwa mtu yeyote. Anayetaka mkopo wa kawaida anaupata kama zamani, na faida yake inaandikwa ukurasa wake, wala haigawiwi kwa asiyeitaka. Mweka Hazina analalamika kwamba vitabu vimekuwa viwili na kichwa kinamuuma. Ni kweli. Tunamwombea, na tumempa msaidizi.

Kilichotushangaza ni kwamba Wakristo wengi nao wamehamia kwenye njia ya kununuliwa mali. Mama mmoja wa Kilutheri alisema ukipewa fedha mkononi, kabla hujafika dukani wamekwisha kuikopa watu watatu. Cherehani hakopi mtu. Kwa hiyo swali lililoulizwa na Waislamu limemsaidia kila mmoja.

MAFURIKO YA 2024

Mtu wa Rufiji na mafuriko wanajuana. Mama zetu walitusimulia mafuriko ya mwaka 1968, ambayo baada yake ilikuja Operesheni Rufiji na watu wakahamishwa kutoka bondeni. Sisi wenyewe tuliziona mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, wakati hata daraja la Mkapa halijajengwa na mto tunavuka kwa kivuko. Lakini Machi na Aprili 2024 maji yalikuja kwa namna yake. Mashamba ya mpunga yalifunikwa, madungu tunamolalia kulinda ndege na nguruwe yakazungukwa na maji, watu wa Muhoro na vijiji vingine wakaishi kwenye mahema. Kabla hatujakaa sawa, tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu kupitia Mafia.

Maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ni bwawa la umeme la Julius Nyerere. Serikali ikaeleza kwamba ni mvua zilizozidi kiasi. Na wapo waliosema ni adhabu, kila mmoja akitazama dhambi za dini ya mwenzake. Hili la mwisho tulilikataa kikaoni. Maji yaliingia kwa shehe yakaingia kwa mchungaji. Hayakuuliza kadi ya ubatizo.

Tulikaa tukasimamisha marejesho kwa waliopoteza mashamba mpaka msimu mwingine. Wanachama wa barabarani wenye biashara zilizosalimika wakaongeza hisa kwa hiari ili sanduku lisikauke. Maji yalipoanza kushuka, fedha ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya mbegu za mahindi na kunde za mlao, maana mafuriko ndiyo hayo hayo yanayoacha tope zuri, na anayewahi kupanda kwenye unyevu ule anakula mapema. Akina mama wa kutoka mikoani walikuwa hawajui kilimo cha mlao. Wenyeji wakawafundisha, wakawapa na vipande vya kulima.

Na kuna jambo tulilizuia ambalo halionekani kwa macho. Wakati wa shida kama ile, mikopo ya mitaani ile inayoitwa kausha damu huingia vijijini kwa kasi, mama anachukua kidogo, mwisho anachukuliwa kitanda. Hatusemi hakuna aliyeguswa. Tunasema waliokuja kikaoni wakafungua kinywa, walisaidiwa kabla ya kutia sahihi. Ndiyo maana tunasisitiza mtu aeleze shida yake mapema. Anayenyamaza hatuwezi kumwombea wala kumsaidia.

NENO LETU KUHUSU KUGAWANA

Wanachama wenzetu, mwenyekiti hana kura mbili. Mkiamua kugawana, tutagawana kwa amani na vitabu vitafungwa vizuri. Lakini tunaomba mfikiri mambo matatu.

Moja, sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Tangu mwanzo tumeangalia zisikae kwa kabila moja wala dini moja. Katika miaka kumi sanduku halijaibiwa. Wezi hufungua kufuli, lakini kuwapatanisha watu watatu wasiofanana waibe pamoja ni kazi kubwa sana.

Mbili, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe. Sisi tumesajiliwa na tuna katiba. Tukigawana tunaanza upya, karatasi mpya, safari mpya za halmashauri. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wanatazama kikundi kina umri gani na vitabu vyake vikoje. Miaka kumi ni mali, haigawanyiki katikati.

Tatu, na hili ni zito kuliko yote, Kibiti imekwisha kuona kinachotokea jirani akimwogopa jirani. Hatutaki kurudi kule. Kila mtu ana msikiti wake na kanisa lake, na huko ndiko anakofundishwa imani yake. Hapa tunakutana watu ambao tusingekutana mahali pengine popote. Mkeka huu ukikunjwa, Mbaptisti wa Tukuyu na Mnyagatwa wa visiwani watajuana wapi?

Ndugu mgeni rasmi, hatuna orodha ndefu ya maombi kwako. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, tusaidiwe banda la kukutania lenye bati, kwa sababu chini ya mwembe mvua ikinyesha tunakimbia na sanduku kichwani. La pili, mashehe na wachungaji wetu muendelee kuja kila tunapowaita, na mkija, mje pamoja kama leo.

Tunawashukuru waume zetu waliotuvumilia siku za vikao. Tunawashukuru vijana wa mashua waliotuvusha hata siku ambazo nauli haikutosha. Tunawashukuru wote mliochangia pilau hii ambayo harufu yake imekwisha kutufikia, na tunajua hotuba ndefu ina maadui.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi, awape subira waliofiwa, awarejeshee habari wale wasiojua ndugu zao walipo, aubariki mto na mashamba yetu, na atufikishe mkutano mkuu tukiwa na akili timamu. Leo ni zamu ya Mkristo kufungua, na dada yetu wa Baptisti alikwisha kufungua asubuhi. Kwa hiyo tunamkaribisha mama yetu wa visiwani atufungie kwa dua. Dakika tatu, mama, maji yanatoka.